Piano Ghali Ipime kwa Sauti Yake Ndogo

Mtu akitaka kujua kama piano ya mamia ya mamilioni ya shilingi ina thamani hiyo kweli, asiipige kwa nguvu. Karibu kila piano hutoa mlio wa kutosha ikipigwa kwa nguvu, hata ile ya kusimama iliyokaa ukumbi wa shule miaka na miaka bila kuonwa na fundi. Aibonyeze taratibu, taratibu kabisa, noti moja ya katikati, kisha aiache ilie mpaka inyamaze yenyewe. Halafu ahamie noti ya jirani, na ya jirani tena, kwa uzito uleule mdogo wa kidole. Katika dakika hizo chache atajua mengi kuliko atakayoambiwa na muuzaji kwa saa nzima.

Haya nilifundishwa na fundi mkuu wa karakana niliyojifunzia kazi mjini Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, na hadi leo sijapata kipimo kingine cha kukishinda hicho. Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo. Nilipiga kinanda kanisani tangu ujana, nikasoma muziki pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na nilipofika Ujerumani nia yangu ilikuwa kuendelea kupiga. Lakini kilichonivuta zaidi kilikuwa ndani ya sanduku. Kule ufundi wa piano ni fani kamili kama useremala au umeme: unakaa kwa bwana kazi miaka mitatu na nusu, na kwa vipindi unakwenda darasani Ludwigsburg, kusini mwa nchi, kwenye shule ya Oscar-Walcker, ambako wanagenzi wa piano na wa ogani za mabomba hukutana kutoka pande zote.

Mwanzoni sikuruhusiwa kugusa sauti. Nilichonga, nilipiga msasa, nilisawazisha vibonyezo. Kazi ya kusawazisha vibonyezo inaonekana ya kitoto hadi uifanye. Chini ya kila kibonyezo kuna vijiduara vya karatasi vya unene tofauti, vingine vyembamba kiasi cha kupeperuka ukihema, na kazi yako ni kuongeza kimoja hapa, kupunguza kimoja pale, mpaka vibonyezo vyote 88 vilale mstari mmoja na kushuka kina kimoja. Nilimuuliza fundi mkuu kwa nini tuhangaike na unene ambao jicho halioni. Akanionyesha kwa rula. Kibonyezo kinashuka milimita 10 tu, lakini upande wa pili nyundo inapanda milimita 45 hivi. Kila tofauti uliyoiacha chini ya kidole inafika kwenye nyundo ikiwa imekua karibu mara tano.

Tena kuna jambo la ajabu zaidi katika safari hiyo ya nyundo. Ikibakiza kama milimita mbili kuufikia waya, mtambo unaoiunganisha na kibonyezo unaiachia. Mwendo uliobaki inaumaliza peke yake, inaugusa waya kwa sehemu chache tu za elfu za sekunde, inarudi. Wakati sauti inazaliwa, kidole cha mpigaji hakina mamlaka tena juu yake. Kila anachotaka kusema, huzuni au furaha au mashaka, lazima awe amekwisha kukiweka katika kasi ya nyundo kabla haijaachiwa. Akipiga kwa nguvu, tofauti ndogondogo za mtambo zinamezwa na kishindo. Akipiga taratibu sana, nyundo inakuwa na mwendo wa kuifikisha kwenye waya na si zaidi, na hapo msuguano kidogo tu kwenye kiungo kimoja unatosha kuifanya noti isilie kabisa. Ndiyo maana nasema uipime kwa sauti ndogo.

Piano yenyewe ilizaliwa kwa ajili hiyo. Karibu mwaka 1700, Bartolomeo Cristofori, fundi wa ala katika nyumba ya watawala wa Medici mjini Florence, alitengeneza ala ambayo waya zake zinagongwa kwa nyundo. Hapsikodi iliyokuwa ikitumika wakati ule ilidonoa waya kwa kijiti cha unyoya, na ukibonyeza kwa hasira au kwa upole, sauti ilitoka kwa ukubwa uleule. Cristofori aliurudisha uamuzi kwenye mkono wa mpigaji. Piano zake 3 zimebaki duniani: ya 1720 iko New York, ya 1722 iko Roma, na ya 1726 iko Leipzig. Hii ya Leipzig nimekwenda kuitazama zaidi ya mara moja. Ni nyembamba, haina fremu ya chuma, lakini ukiufuatilia mtambo wake unaliona wazo lilelile tunalolitumikia leo, kwamba nyundo iachiwe kabla haijafika. Sébastien Érard wa Paris aliongeza jambo kubwa mnamo 1821: mtambo unaoiwezesha nyundo kupiga tena kabla kibonyezo hakijarudi juu kabisa. Bila huo, noti moja kurudiwa kwa haraka na kwa upole isingewezekana kwenye piano kubwa za leo.

Baada ya mtambo nilipewa mbao. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa fedha zinakokwenda.

Ubao wa sauti ndio moyo wa piano, ule ubao mpana unaouona chini ya waya ukifungua kifuniko. Unatengenezwa kwa sprusi, mti wa jamaa ya msonobari. Kipande cha kwanza nilichopewa kukishika, niliambiwa nikikamate kwa vidole viwili na kukigonga karibu na sikio. Kililia. Ubao mwepesi hivyo, laini hivyo, na bado unalia! Sauti husafiri ndani ya sprusi, kwa kufuata nyuzi za mti, kwa kasi ya zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde, kama mara 15 ya kasi yake hewani. Mti unaofaa ni ule uliokua polepole, mahali pa baridi, pete zake za miaka zikiwa zimebanana na kufuatana sawasawa. Steinway, kampuni yenye viwanda New York na Hamburg, hutumia sprusi ya Sitka, inayoota pwani ya kaskazini magharibi ya Amerika hadi Alaska. Fazioli wa Italia huchukua yake katika bonde la Fiemme, kwenye misitu ya Alpi ambayo mafundi wa zamani wa fidla waliitegemea. Gogo linapasuliwa ili pete zisimame wima ndani ya ubao, kisha mbao zinakaushwa kwa muda mrefu, na nyingi zinakataliwa. Nilikuwa nikitazama rundo la mbao zilizokataliwa, nzuri kabisa kwa macho yangu ya mtu aliyezoea mbao za Buguruni, Dar es Salaam, na moyo uliniuma. Lakini fundo dogo moja mahali pabaya linatosha kuiharibu sauti ya eneo zima.

Ubao huo hauwekwi bapa. Unapinda kidogo kuelekea juu, kwa kiasi ambacho lazima utumie uzi ulionyooshwa kukiona, na katikati una unene wa milimita 8 au 9, ukipungua kuelekea kingoni ili utetemeke kwa uhuru. Juu yake kuna daraja la mti mgumu ambalo waya hulikandamiza. Waya ni 230 hivi. Kila mmoja unavutwa kwa nguvu ya kilo 70, 80, hata 90, na ukijumlisha zote unapata kama tani 20. Mbao peke yake haiwezi kuhimili mvuto huo, ndiyo maana Alpheus Babcock wa Boston alisajili mnamo 1825 fremu ya chuma cha kusubu kipande kimoja, na piano kubwa za leo zimesimama juu ya wazo hilo. Ukisimama kando ya grandi, ile piano kubwa ya kulala, ukiwa unalijua hili, unaiogopa kidogo. Tani 20 zinavutana mle ndani usiku na mchana, na kazi yake ni kutoa sauti laini.

Ubavu wa grandi, ule uliopinda, nao una hadithi. Kwa Steinway ni tabaka ndefu za mbao ngumu zilizopakwa gundi, zikakunjwa zote pamoja na kundi la wanaume wanaozibana kuzunguka kalibu kubwa kabla gundi haijakauka. Njia hiyo familia ya Steinway iliikamilisha karibu 1880, na hadi sasa inafanywa kwa mikono na mabega. Baada ya hapo ubavu unaachwa upumzike kwa majuma mengi kwenye chumba cha hewa iliyodhibitiwa. Huwezi kuuharakisha. Grandi moja ya daraja hilo huwa na sehemu zaidi ya 12,000 na huchukua takriban mwaka kukamilika, na sehemu kubwa ya mwaka huo ni mbao kukaa tu.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya mwisho, kutengeneza rangi ya sauti. Nyundo ya piano ni mti mdogo uliozungushiwa sufu ya kondoo iliyoshindiliwa kwa nguvu kubwa. Inatakiwa iwe kama embe linaloanza kuiva, juu linabonyea, ndani bado gumu. Ikiwa ngumu hadi juu, sauti inatoka kali na tupu. Ikiwa laini hadi ndani, sauti inasinzia, na mpigaji akitaka kuikuza haikui. Basi fundi anachukua kijiti chenye sindano mbili tatu na kuchoma sufu ile, mahali maalumu, kina maalumu, anapiga noti, anasikiliza, anachoma tena. Hamburg nyundo huja zikiwa ngumu na tunazilainisha kwa sindano. New York huja zikiwa laini zaidi na mafundi huzikaza kwa dawa ya jamii ya vanishi. Njia mbili zinatafuta kitu kimoja kutoka pande mbili, na mwenye sikio husikia kwamba hazifiki mahali pamoja kabisa. Hakuna mashine ya kufanya hivi. Nimewaona mafundi waliozeeka kazini wakikaa kwenye grandi moja tangu asubuhi hadi jioni, na mwisho wa siku mpigaji anaketi, anagusa vibonyezo vichache, anatabasamu, basi.

Noti nyingi za piano zina waya 3 zinazogongwa na nyundo moja. Mwanafizikia Gabriel Weinreich wa Chuo Kikuu cha Michigan alieleza mnamo 1977 jambo ambalo mafundi walikuwa wakilisikia bila kulieleza: waya hizo huzungumza kupitia daraja, na kwa sababu hiyo sauti ya piano hufa kwa hatua mbili. Kwanza inashuka haraka, kisha inabaki sauti ya pili, nyembamba, inayodumu. Tofauti ndogo mno ya utyunishaji kati ya waya 3 ndiyo inayoamua ile sauti ya pili itadumu kiasi gani. Kwenye piano nzuri iliyotyuniwa na mtu mwenye sikio, hiyo sauti ya pili inakaa hewani, inanyooka, inakupa muda wa kuitia noti inayofuata ndani yake. Pedali ya kushoto ya grandi husogeza mtambo wote kando ili nyundo iguse waya 2 na kuuacha wa tatu ulie kwa kuitikia tu. Ukiwa na piano ya kawaida pedali hiyo inapunguza sauti. Ukiwa na piano bora inabadilisha rangi kabisa, unasikia mlango mwingine umefunguliwa.

Watu huniuliza ipi ni bora. Siwezi kutaja moja, lakini naweza kusema nilichosikia. Mwaka 1853 ulikuwa wa baraka kwa fani hii: Steinway ilianza New York, Bechstein Berlin na Blüthner Leipzig. Steinway, ambayo tangu 1880 ina kiwanda pia Hamburg, ndiyo utakayoikuta kwenye kumbi nyingi za dunia. Grandi yake ya ukumbini, D, ina urefu wa sentimita 274 na uzito wa karibu nusu tani, na nguvu yake kuu ni kwamba haifikii mwisho. Unaongeza na bado inaongezeka. Bösendorfer ya Vienna, iliyoanza 1828, hutumia sprusi hata kwenye ubavu, hivyo mwili mzima unaimba, na sauti yake ina joto la kifua cha mtu. Ile kubwa yao, Imperial, ina urefu wa sentimita 290 na vibonyezo 97. Vile vya ziada upande wa besi havipigwi mara nyingi, lakini waya zake huitikia wengine wakipigwa, na hilo linasikika. Fazioli ni kijana kati ya wazee, ilianzishwa 1981 huko Sacile na Paolo Fazioli, mhandisi ambaye pia ni mpiga piano, na mnamo 2021 mshindi wa shindano la Chopin la Warsaw, Bruce Liu, alipiga Fazioli. Inasema kwa uwazi mkubwa, kila noti inajitegemea, na ukiwa hujajiandaa itakuumbua.

Moyo wangu mimi uko kwa Blüthner. Katika eneo la juu huweka waya wa nne ambao haugongwi na nyundo, unatetemeka tu kwa kuwaitikia wenzake watatu, ubunifu wa mwaka 1873. Kiwanda chao kiliteketea kwa mabomu Desemba 1943, serikali ya Ujerumani Mashariki ikakitaifisha 1972, na baada ya nchi kuungana familia ikarudishiwa. Kupitia yote hayo ule waya wa nne hawakuuacha. Ukipiga Blüthner nzuri kwa upole kabisa, noti za juu hazikauki kama kwenye piano nyingine, zinabaki na unyevu. Nikipewa nafasi ya kuchagua ya kukaa nayo chumbani, nitaichukua hiyo, hata ikiwa ya zamani.

Na kwa kuwa nimetaja za zamani, lazima nisimulie kuhusu pembe.

Siku moja ililetwa karakanani piano ya miaka ya 1900 mwanzoni. Vibonyezo vyake vyeupe vilikuwa vya pembe ya ndovu na kimoja kilikuwa kimemeguka. Nilipewa kazi ya kukirudishia kipande kutoka sanduku la vipande vya zamani, vilivyobanduliwa kwenye piano zilizokwisha kufa. Ukikiweka kwenye mwanga unaona mishipa yake, mistari myembamba ya uhai. Ni chembamba, kina baridi inayokwisha haraka chini ya kidole. Fundi mkuu alijua ninatoka wapi, lakini hakujua Bagamoyo ilikuwa nini. Nikamweleza. Katika karne ya 19 pembe zilitoka Manyema, Ujiji na Tabora zikibebwa mabegani mwa wapagazi, Wanyamwezi wengi na watumwa wengi, miezi kwa miezi, hadi pwani kwetu, zikavushwa Unguja kwenye soko lililokuwa kubwa kuliko yote ya pembe katika Afrika ya Mashariki. Tippu Tip alijenga jina na mali yake kwa biashara hiyo. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg, mji uleule niliokuwa nimeketi nikishika kisu na gundi, ilifungua nyumba yake ya biashara Zanzibar mnamo 1849. Wamarekani walipeleka zao Connecticut, kwenye miji midogo ya Deep River na Ivoryton, ambako zilikatwa slesi na kuanikwa juani chini ya vioo ziwe nyeupe. Pembe ya kutoka kwetu ilipendwa kwa sababu ni laini na hukatika vizuri. Pembe moja kubwa ya kilo 34 hivi iliweza kufunika vibonyezo vya piano karibu 45. Sasa fikiria kwamba mwaka 1909 pekee viwanda vya Marekani vilitengeneza piano zaidi ya 360,000.

Nilipomaliza nilimuuliza swali moja, pembe inaongeza nini kwenye sauti? Akajibu bila kusita kwamba haiongezi chochote. Wapigaji waliipenda kwa sababu inanyonya jasho na kidole hakitelezi. Sauti inazaliwa mbali na hapo, kwenye sufu, chuma na sprusi. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya pori, viwanda vilikuwa vimeanza kuhamia plastiki miaka mingi kabla yake, na piano haikupoteza hata noti moja. Ndovu wote wale, watu wote wale waliolala njiani kati ya Tabora na bahari, walikwenda kwa ajili ya sehemu ya piano ambayo sikio halina habari nayo. Mteja akiniambia piano yake ni ya thamani sana kwa kuwa ina pembe, huwa namweleza historia hiyo yote, taratibu, na sijali kama ana haraka.

Tangu hapo nimekuwa mkali katika kutenganisha bei na thamani. Grandi mpya ya ukumbini kutoka kwa mafundi hawa wakubwa inazidi dola 150,000. Ukiuliza kama inastahili, kwa ukumbi unaopokea wapigaji wa kiwango cha juu, ndiyo, kwa sababu unalipia mbao zilizochaguliwa na kusubiriwa, na masikio ya watu waliojifunza kwa miaka. Lakini piano si fidla. Fidla nzuri ikitunzwa huweza kudumu karne tatu na kupanda bei. Piano inachakaa. Ubao wa sauti unapoteza mpindo wake, gogo linaloshika pini za kukazia waya linalegea, nyundo zinaliwa na waya. Kumbi nyingi kubwa hubadilisha grandi zao baada ya miaka 10 hadi 15. Piano ya zamani inayouzwa kwa bei kubwa mara nyingi huuzwa kwa sababu ya aliyewahi kuimiliki, si kwa sauti iliyobaki ndani yake. Tena jihadhari na majina. Majina kadhaa ya heshima ya Ulaya na Marekani yalinunuliwa baada ya viwanda vyake kufungwa, na leo yamebandikwa kwa herufi za dhahabu kwenye piano za kawaida zisizo na uhusiano wowote na mafundi wa mwanzo. Fungua kifuniko, soma namba iliyo kwenye fremu, tafuta ilitengenezwa wapi na lini. Halafu ibonyeze taratibu.

Mwaka juzi padri wa parokia moja ya pwani alinipigia simu. Baada ya Tumsifu Yesu Kristo na Milele amina akaniambia, "Mwanangu, kuna wafadhili huko Ulaya wanataka kutupa grandi ya zamani, jina lake kubwa sana. Tuipokee?" Nilimwomba wanitumie picha za ndani. Ilikuwa piano ya kweli, ya fundi wa kweli, na nilimshauri aikatae. Piano iliyoishi miaka 90 kwenye nyumba za Ulaya zinazopashwa moto wakati wa baridi, mahali ambapo hewa hukauka sana, haiwezi kupelekwa ghafla kwenye hewa ya pwani yetu yenye unyevu wa asilimia 70, 80 na zaidi. Mbao zitavimba, vibonyezo vitakwama, pini zitapata kutu, gundi ya zamani iliyochemshwa kwa ngozi na mifupa itaachia. Piano inapenda unyevu wa asilimia 40 hadi 60 na zaidi ya yote inapenda usiyumbeyumbe. Padri alisikitika. "Lakini ni zawadi, mwanangu, tutawajibuje watu hawa?" Nikamwambia, "Baba Padri, waombe wauze hiyo huku, na fedha zake zinunue piano ya kusimama ya Kijapani iliyotumika, yenye hali nzuri, na zitakazobaki zifunge kifaa cha kudhibiti unyevu ndani yake na kumsomesha kijana mmoja wa kuitunza." Wafadhili walielewa haraka kuliko tulivyotarajia.

Piano imefika na iko mbali na ukuta unaopigwa na jua, mbali na feni, miguu yake imewekwa juu ya vikombe kwa ajili ya mchwa, na paneli ya chini inafunguliwa kila mwezi kutazama panya na nondo, maana sufu ya nyundo ni chakula kizuri kwao. Kijana aliyechaguliwa ni mpiga kinanda wa kwaya, mwenye sikio zuri kuliko nililokuwa nalo mimi katika umri wake. Nimemtumia ufunguo wa kutyunia, vipande vya mpira vya kuzimia waya, na simu yake ina programu ya kupimia. Tunafanya somo kwa video. Juzi aliniuliza, "Kaka, mashine inaniambia oktava ya juu kabisa iko sahihi, lakini mimi naisikia iko chini. Nifuate nini?" Nilifurahi sana kwa swali hilo. Nikamwambia aache kioo cha simu na afuate sikio. Waya wa chuma una ukaidi wake, hautetemeki kama uzi laini, kwa hiyo sauti ndogondogo zinazoandamana na noti hupanda kidogo kuliko hesabu inavyotaka, na kwenye piano fupi ya kusimama hupanda zaidi. Oktava ya juu lazima ivutwe kidogo ili ikubaliane nazo. Aipige noti ya chini kwa upole sana, aisikilize hadi zile sauti za juu zijitokeze, kisha apandishe ya juu hadi zikutane, naye anitumie sauti aliyorekodi ili Jumamosi tuanze na waya wa besi.